Barua ya wazi kwa viongozi walioridhia Itifaki ya Maputo

Waheshimiwa marais, mawaziri wa afya na wa sheria, wanasheria wakuu na wabunge,

Nawaandikia kuhusu aya moja tu. Tarehe 11 Julai 2003, mjini Maputo, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipitisha Itifaki ya Haki za Wanawake. Katika Ibara ya 14 waliahidi kulinda haki za uzazi za mwanamke kwa kuruhusu mimba itolewe kitabibu pale inapotokana na shambulio la kingono, kubakwa au kuingiliwa na ndugu wa damu, na pale ambapo kuendelea nayo kunahatarisha afya ya akili na ya mwili ya mama, au uhai wake, au uhai wa kijusi. Dunia haikuwa na mkataba mwingine wenye nguvu ya kisheria uliolitamka jambo hilo waziwazi namna hiyo. Haukuandikwa Geneva wala New York. Waafrika waliuandika, ukapitishwa katika ardhi ya Afrika, na nchi zaidi ya 40 zimeuridhia.

Ombi langu nalitanguliza, ili hata asiye na muda wa kufika mwisho wa barua hii alione: tekelezeni mlichokiridhia.

Mimi ni mkunga. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita katika wodi za wanawake za hospitali za serikali, na ninayoyasema hapa yanajulikana na kila aliyewahi kushika zamu ya usiku katika wodi kama hizo. Msichana analetwa saa nane za usiku, kanga imelowa, homa inampanda. Ukimuuliza kilichotokea anasema ameteleza bafuni. Shangazi yake amesimama kando ya kitanda na ndiye anayejibu kila swali, haraka, kabla mgonjwa hajafungua mdomo. Unamgusa tumbo, limekaza kama ubao. Harufu inakueleza yale ambayo shangazi anayaficha.

Hapo ndipo sheria zenu zinapoingia wodini. Ukiandika kwenye faili alichofanyiwa, faili hilo linaweza kuchukuliwa kuwa ushahidi dhidi yake. Usipoandika, anayeingia zamu asubuhi hajui anatibu nini: kama ni mabaki ya mimba peke yake, au kuna kitu kimetoboa mfuko wa uzazi, au kuna sumu tumboni inayoua figo. Nimemwona muuguzi mwenzangu akikaa na kalamu juu ya karatasi kwa muda mrefu, kisha akaandika maneno mawili, "mimba imeharibika", akanifuata mlangoni na kunieleza mengine yote kwa sauti ya chini. Mgonjwa yule alitibiwa kwa maelezo ya mdomo. Hakuna chuo cha uuguzi kinachofundisha hivyo. Ni sheria iliyotufundisha.

Sasa naomba tuiangalie sheria hiyo ilikotoka, kwa sababu bungeni husemwa mara kwa mara kwamba inalinda mila zetu.

Mwaka 1861 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya makosa dhidi ya mwili wa mtu. Kifungu chake cha 58 kiliweka adhabu inayofika kifungo cha maisha kwa mwanamke aliyejitoa mimba, na kilitaja matumizi ya "sumu au kitu kingine chenye madhara". Katika bunge lile hapakuwa na mwanamke hata mmoja, na hakuna mwanamke aliyekuwa na kura ya kulichagua. Huku kwetu Afrika Mashariki watawala walianza kwa kutumia Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860. Kisha mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zikapewa kanuni mpya ambazo shina lake ni kanuni ya jimbo la Queensland, Australia, ya mwaka 1899. Fungueni leo vifungu vya 158 hadi 160 vya Kenya, au 150 hadi 152 vya Tanzania. Mtaikuta sumu ileile na kitu kilekile chenye madhara. Adhabu ni sawa katika nchi zote mbili: miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba, miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, miaka 3 kwa anayempatia dawa au kifaa. Na kwa huyo anayetoa, kifungu hakijali hata kama mwanamke alikuwa mjamzito kweli au la, nia inatosha.

Waliotawaliwa na Ufaransa nao wana yao. Sheria ya Julai 1920 ilitungwa Paris baada ya vita kuu kumaliza wanaume na serikali kutaka watoto wazaliwe kwa wingi. Iliharamisha hata kueneza habari za kuzuia mimba, na ikapelekwa makoloni. Ufaransa iliruhusu uzazi wa mpango mwaka 1967, na mwaka 1975, Simone Veil akiwa waziri wa afya, ikaruhusu mwanamke kutoa mimba. Makoloni mengi ya zamani yalibaki na kivuli cha 1920 kwa miaka mingi baada ya hapo.

Sisemi kwamba kila anayepinga utoaji mimba ametumwa na mkoloni. Nina ndugu na marafiki wanaoupinga kwa imani ya dhati, na nawaheshimu. Ninachosema ni kwamba maneno mnayoyatumia kumpeleka msichana rumande hayakutoka kwa bibi zetu. Tusiwasingizie.

Kuna jambo jingine katika historia hii ambalo halifundishwi, nami naliona ndilo zito kuliko yote. Waingereza wenyewe hawakukisoma kifungu chao kana kwamba hakina mlango. Mwaka 1938, London, daktari Aleck Bourne alimtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa na wanajeshi, kisha akawajulisha polisi mwenyewe ili ashtakiwe. Baraza la wazee wa mahakama likamwachia. Jaji alikuwa ameliambia kwamba kuokoa maisha ya mama hakuna maana ya kumsubiri afike ukingoni mwa kaburi, na kwamba kuvunjika kwake kimwili au kiakili nako kunahesabika. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya daktari Mehar Singh Bansel iliyotoka Kenya, ilifuata mkondo huo: operesheni isiyo halali ni ile inayofanywa bila sababu nzuri ya kitabibu. Daktari yule alishindwa kesi, maana mwanamke alikufa na sababu ya kitabibu haikuwepo. Lakini kanuni ilibaki. Kabla hata hatujapandisha bendera zetu za uhuru, mahakama ya juu ya eneo hili ilikuwa imekubali kwamba sababu nzuri ya kitabibu ipo.

Nilihitimu ukunga bila kulisikia jambo hili kwa mwalimu yeyote. Wanasheria walilijua, likakaa kwenye vitabu vyao. Wodini tulifundishwa neno moja, "ni marufuku", na polisi walifundishwa hilohilo. Mwaka 1967 Uingereza ikabadilisha sheria yake. Sisi tulikuwa tumeshajitawala, kwa hiyo masahihisho hayo hayakutuhusu. Kosa lao tulibaki nalo.

Si kila nchi ya Afrika iliyokaa hivyo. Tunisia ilifungua mlango mwaka 1965 kwa wanawake wenye watoto watano au zaidi, na mwaka 1973 ikaruhusu mimba itolewe katika miezi mitatu ya kwanza kwa ombi la mwanamke mwenyewe, miaka miwili kabla ya Ufaransa. Zambia ilitunga sheria yake mwaka 1972, ikakubali hadi sababu za hali ya maisha ya mama, lakini ikadai saini za madaktari watatu, mmoja wao bingwa. Hebu fikirini wilaya isiyo na daktari bingwa hata mmoja, na mwanamke ambaye mimba yake haisubiri. Zambia inatufundisha kwamba haki inaweza kutolewa kwa aya moja na kunyang'anywa kwa aya inayofuata.

Itifaki yenyewe haikushuka kutoka kwa wakubwa. Machi 1995, mjini Lomé, wanawake wanasheria na wanaharakati walikutana na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, wakasema Mkataba wa Afrika hauwatoshi wanawake. Mwaka 1997, Nouakchott, rasimu ya kwanza ikaanza kuandikwa. Miaka ikapita katika vikao vya wataalamu, aya zikipunguzwa na kurudishwa. Itifaki ilipopitishwa, wanawake hao hawakwenda nyumbani kulala: mwaka 2004 waliungana katika muungano wa mashirika ya bara zima na kuzipa serikali kadi nyekundu, njano na kijani kulingana na zilivyofika katika kuridhia. Tarehe 25 Novemba 2005 Itifaki ikaanza kufanya kazi. Kwa mkataba wa bara hili, hiyo ilikuwa mbio.

Halafu ndipo mkaanza kurudi nyuma, baadhi yenu.

Uganda iliridhia mwaka 2010 na kujitoa kwenye aya ya utoaji mimba, yaani ikasema aya hiyo haitaifunga. Kenya iliridhia mwaka huohuo na kujitoa kwenye aya hiyohiyo, tena katika mwaka ambao wananchi wake walipitisha, kwa asilimia 67 ya kura, Katiba inayosema katika Ibara ya 26(4) kwamba utoaji mimba hauruhusiwi isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Makanisa yalikuwa yameipigia kampeni ibara hiyo ianguke, na wapiga kura wakaisikia hoja yao na kuamua. Mwananchi akasema ndiyo nyumbani. Serikali yake ikasema hapana Addis Ababa, kwenye makao makuu ya Umoja wa Afrika. Sijawahi kusikia ufafanuzi wa jambo hilo unaoingia akilini.

Tanzania iliridhia mwaka 2007 bila kujitoa popote. Vifungu vya 1930 havikuguswa. Huko ahadi ni kamili, na sheria ya kuitekeleza haipo.

Sierra Leone ilikwenda mbali zaidi, kisha ikasimama hatua ya mwisho. Desemba 2015 bunge lilipitisha sheria ya utoaji mimba salama. Viongozi wa dini wakaandamana, na Rais Ernest Bai Koroma akakataa kutia saini.

Waheshimiwa wa Kenya, niruhusuni nikae kwenu kidogo, kwa sababu kwenu yote yameandikwa katika hukumu na yeyote anaweza kusoma. Mwaka 2004 daktari John Nyamu na wauguzi wawili walikamatwa Nairobi wakashtakiwa kwa mauaji, baada ya vijusi kukutwa vimetupwa kando ya barabara. Walikaa rumande mwaka mzima, kisha mahakama ikawaachia kwa kukosa ushahidi. Daktari yeyote aliyekuwa akifikiria kumsaidia mwanamke alijifunza kitu mwaka ule. Kisha Katiba mpya ikaja, na mwaka 2012 Wizara ya Afya ikatoa miongozo kwa wahudumu: nani anaruhusiwa, lini, kwa njia ipi. Desemba 2013 wizara hiyohiyo ikaiondoa. Februari 2014 ukatoka waraka ukiwaonya wahudumu wasihudhurie mafunzo ya utoaji mimba salama. Katiba ilibaki palepale, lakini kijitabu cha kumwambia muuguzi afanye nini kikachukuliwa.

Mwaka huohuo wa 2014 msichana mmoja alibakwa, akapata mimba, akaitoa mikononi mwa mtu asiye na ujuzi. Alihamishwa hospitali moja hadi nyingine, figo zikaharibika. Mama yake na wanasheria wanawake wa FIDA-Kenya wakaenda mahakamani mwaka 2015. Msichana alikufa mwaka 2018, kesi ikiwa bado inaendelea. Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu walisema kuondolewa kwa miongozo na kupigwa marufuku kwa mafunzo kulivunja haki za wanawake na za wahudumu, na kwamba mimba ya kubakwa inayohatarisha afya ya mwili au ya akili ya mama inaweza kutolewa kwa mujibu wa Katiba. Mama yake akaamriwa alipwe shilingi milioni tatu. Machi 2022, Malindi, Jaji Reuben Nyakundi akatoa uamuzi katika kesi ya msichana wa shule na tabibu aliyemhudumia mimba ilipomharibikia, wote wawili wakiwa wamekamatwa mwaka 2019. Akasema kukamatwa na kushtakiwa kwao kulikiuka sheria. Najua hukumu hukatiwa rufaa na rufaa hupanda na kushuka. Ibara ya 26(4) haihitaji kusubiri rufaa ili mtaalamu wa afya afunzwe kuitumia.

Utafiti uliofanywa Kenya pamoja na Wizara ya Afya yenyewe ulikadiria mimba 464,690 zilizotolewa mwaka 2012, na wanawake karibu 120,000 waliotibiwa kwa madhara yake mwaka huo. Nambari hiyo naiacha hivyo. Ninachowaomba ni mfikirie vitanda: wanawake laki moja na ushee, kila mmoja na damu ya kuongezwa, dawa za sindano, daktari wa usiku, chumba cha upasuaji. Mnalipia utoaji mimba tayari. Mnaulipia katika hatua yake ya gharama kubwa kabisa, ile inayoishia figo kuharibika na kizazi kutolewa.

Wapo waliochagua njia nyingine, na hawako mbali.

Afrika Kusini ilitunga sheria mwaka 1996, ikaanza kutumika Februari 1997. Mwanamke anaweza kuomba mimba itolewe hadi wiki ya 12 bila kueleza sababu, na wakunga waliofunzwa wanaruhusiwa kutoa huduma hiyo. Vifo vitokanavyo na utoaji mimba vilishuka kwa zaidi ya asilimia 90 katika miaka michache. Sioni dawa wala chanjo nyingine iliyofanya kazi hivyo katika wodi ya wanawake kwa kasi ile. Huduma yao ina mapungufu, vituo vingi havitoi na wengi bado wanakwenda kwa watu wa vichochoroni, lakini hesabu ya makaburi ilibadilika.

Ethiopia haikuuondoa utoaji mimba katika kanuni ya makosa ya jinai. Mwaka 2005 ilipanua sababu: kubakwa, ndugu wa damu, afya, ulemavu, na umri mdogo wa msichana mwenyewe. Kisha ikaandika sentensi moja ambayo ningependa kila mwanasheria mkuu anayesoma barua hii aikariri: kwa mimba ya kubakwa, kauli ya mwanamke inatosha. Haulizwi barua ya polisi. Hasubiri hukumu. Kule kwetu nimeona mimba za kubakwa zikikua huku fomu ya polisi ikitafutwa, na mimba haijui kusubiri faili.

Rwanda iliridhia Itifaki mwaka 2004 kwa kujitoa kwenye aya hii, na mwaka 2012 ikaondoa kujitoa huko. Sheria yake ya 2012 ilidai cheti cha mahakama, na wanawake hawakuweza kukipata kwa wakati. Mwaka 2018 ikakifuta. Mwaka 2019 Rais Paul Kagame aliwasamehe watu 367 waliokuwa wamefungwa kwa kutoa mimba, kusaidia kutoa mimba na kuua watoto wachanga. Nchi ilijaribu, ikaona pameziba, ikarekebisha. Msumbiji nayo, yenye mji uliotoa jina la Itifaki, ilikuwa ikiishi na sheria ya Wareno ya 1886 hadi bunge lake lilipopitisha kanuni mpya mwaka 2014. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilichapisha Itifaki katika gazeti la serikali mwaka 2018, ikaifanya ifanye kazi mahakamani. Benin ilipanua sheria yake Oktoba 2021. Hakuna hata moja kati ya nchi hizi iliyoacha dini zake wala kubomoa familia zake.

Najua mtakavyojibiwa mkisimama bungeni na jambo hili, kwa hiyo niseme wazi. Mtu anayeamini kwamba uhai wa kijusi ni sawa na uhai wa mama tangu siku ya kwanza ana haki ya kuamini hivyo, na mhudumu mwenye imani hiyo asilazimishwe kushika vifaa. Nimefanya kazi na wauguzi wa namna hiyo, baadhi yao wakiwa watu wema kuliko wote niliowajua. Lakini wema wao haukuwapa haki ya kumwacha mgonjwa akivuja damu kwenye benchi. Anayekataa kwa dhamiri ampeleke kwa asiyekataa, siku hiyohiyo, na dharura haina kukataa. Mnaweza kuliandika hilo kwenye miongozo kwa mistari miwili. Kuukataza utoaji mimba kwa watu wote hakuzuii mimba kutolewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mimba karibu milioni 73 hutolewa kila mwaka duniani na kwamba karibu asilimia 45 hazitolewi kwa usalama. Hizo asilimia 45 nyingi ziko katika nchi maskini, na sheria kali hazijazipunguza.

Na tusidanganywe kwamba kuingiliwa na wageni kuko upande mmoja tu wa mjadala huu. Tangu mwaka 1984 marais wa Marekani wa chama cha Republican wameweka sharti kwa mashirika ya kigeni yanayopokea fedha zao za misaada: ukitamka utoaji mimba, hata kwa fedha zako nyingine, unapoteza msaada. Wa Democratic huliondoa, wao hulirudisha. Limerudishwa tena Januari 2025. Kliniki za Afrika zimefungwa kwa sababu ya kura zilizopigwa Ohio na Florida. Serikali inayotekeleza mkataba wa Afrika kwa bajeti yake yenyewe ndiyo pekee isiyoyumba kila baada ya miaka minne.

Ninachoomba, basi, ni vitu vinavyoweza kufanyika katika muhula wenu. Kenya na Uganda ziondoe kujitoa kwao kwenye aya hiyo, kama Rwanda ilivyofanya. Ni barua moja kwenda Addis Ababa. Nchi zilizoridhia bila kujitoa, Tanzania ikiwemo, ziingize sababu za Itifaki ndani ya kanuni za adhabu kwa maneno ya wazi, ili jaji, polisi na muuguzi wasome kitu kimoja. Adhabu ya miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe ifutwe kabisa. Tume ya Afrika ilianzisha mwaka 2016 kampeni ya kuondoa utoaji mimba katika makosa ya jinai. Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu kumfunga mgonjwa hakumponyi yeyote.

Zaidi ya hayo yote, toeni miongozo. Mawaziri wa afya, hili halihitaji bunge. Andikeni nani anaruhusiwa, na msiishie kwa madaktari bingwa. Zahanati nyingi zina muuguzi na tabibu tu, na kazi hii, katika wiki za mwanzo, wanaiweza kwa pampu ndogo ya mkono au kwa vidonge ambavyo vimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Wafunzeni. Andikeni kwamba faili la mgonjwa ni la tiba na polisi haingii wodini kulichukua. Andikeni kwamba aliyebakwa anahudumiwa kwanza, fomu baadaye. Chapisheni kwa lugha ambayo wahudumu wanaisoma, mkaipeleke hadi zahanati ya mwisho barabarani, na akija waziri mwingine asiweze kuiondoa kwa waraka wa ukurasa mmoja.

Itifaki inawataka mpeleke taarifa ya utekelezaji kwa Tume ya Afrika kila baada ya miaka miwili. Taarifa nyingi huchelewa, na zinapofika, aya ya utoaji mimba hupata sentensi ya kupita. Katika taarifa yenu ijayo naomba mjaze mambo matatu: wanawake wangapi walikamatwa au kufungwa kwa kosa hili, wangapi walikufa wodini kwa mimba zilizotolewa vibaya, na vituo vingapi vya afya vina miongozo mezani na mtu aliyefunzwa kuitumia. Sisi wa wodini tutaisoma, na nambari za vifo tutazilinganisha na vitabu vyetu vya zamu.

Wenu,
Mkunga wa hospitali ya serikali, Afrika Mashariki